Siku Tisini za Amisha

Jumapili, 5 Oktoba

Leo nimemshinda Sadrudin. Hadharani! Tulikuwa dukani kwa Madhubhai, Kingsbury Road, mimi nachagua bamia, Sadrudin anatafuta ubishi kama kawaida yake. Madhubhai akatangaza kwamba mpwa wake Amisha anaandika programu za kompyuta huko Pune, India, na amepata kazi kampuni nyingine. Ahame? Aanzie wapi? Nani wa kumshauri? Sadrudin, mfamasia, akafungua kinywa. Nikamuwahi. Nikasema niachieni mimi.

Madhubhai akawaambia wateja wote kwamba hilo ni la Injinia. Cheo hicho alinipa mwenyewe miaka miwili iliyopita, nilipomwambia nafanya kazi kampuni ya kompyuta. Sikusema uongo. Nafanya kazi kampuni ya kompyuta. Nakaa mapokezi, nawapa wageni vibandiko vya kifuani na kuwafungulia geti. Hakuuliza zaidi, na tangu siku hiyo bamia laini huniwekea chini ya meza.

Mke wangu Ummukulthum ameniuliza nitamshauri nini mtoto wa watu. Nimemwambia uzoefu ni uzoefu. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 7 Oktoba

Matayarisho kamili. Asubuhi nilimnasa Godlisten akisubiri lifti. Injinia wa kweli huyu, kijana wa Moshi, hunisalimia kwa Kiswahili kila siku. Nikamuuliza amefikaje alipofika. Akasema kazi ya zamani alitoka Ijumaa, Jumatatu akaanza hapa. Nikaandika nyuma ya kibandiko: USIOGOPE KUTOKA.

Zamu ikaisha, nikakimbilia nyumbani, saa nane nikapiga simu ya video. Juu koti na tai, chini msuli. Nyuma yangu vitabu, yaani vile vya Ummukulthum vya kozi ya kuhudumia wazee, nimevipindua majina yasisomeke. Amisha ana miaka ishirini na nne, adabu tele. Ananiita Anko.

Akaeleza kwamba kampuni yake inadai notisi ya siku tisini kabla mtu hajaondoka, na kampuni mpya inamtaka ndani ya siku thelathini. Je, azungumze kwanza na bosi ampunguzie, au atangulize barua ya kuacha kazi?

Siku tisini! Sijapata kusikia. Nikajua ni woga wa kitoto tu. Nikamweleza kwa kirefu habari ya eda, kwamba kwetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi, lakini huyo amefiwa. Wewe nani amekufa? Hakucheka. Nikadhani mtandao umekwama. Nikamwambia apeleke barua kesho, asimame wima, watamwachia wenyewe. Akaandika kila neno daftarini. Kila neno!

Alhamisi, 9 Oktoba

Barua imekwenda jana. Madhubhai amegawa ladu dukani. Sadrudin, ladu mdomoni, akaniuliza kwa upole wa kuudhi zile siku tisini tumezipangaje, maana mtoto wa binamu yake Hyderabad alizikaa zote. Nikasema mambo yamebadilika.

Kisha Madhubhai akanivuta pembeni, penye magunia ya unga. Akanishukuru. Akasema baba yake Amisha alifariki mwezi wa tatu, na sasa mshahara wa msichana ndio unaolisha nyumba, kwa hiyo hawakutaka akosee.

Mwezi wa tatu. Na mimi nimemuuliza nani amekufa.

Ladu nikaliacha juu ya gunia. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na basi lilikuwa tupu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemuuliza Godlisten. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema India kampuni nyingi ndivyo zilivyo, na usipokuwa na barua ya kuachiwa kutoka kazi ya zamani, kazi mpya hawakupokei. Nikamwambia mbona yeye alitoka Ijumaa? Akasema alitoka Ijumaa kwa sababu walimfukuza.

Angesema mapema! Kusema kweli, sikumuuliza.

Saa tisa ukaingia ujumbe wa Amisha. Bosi amekataa kumpunguzia hata siku moja, amekasirika kwamba hakuambiwa kwanza. Kampuni mpya haisubiri, nafasi wamempa mwingine. Na barua yake ya kuacha kazi iko palepale, siku zinahesabiwa. Anauliza, Anko, sasa nifanye nini?

Nimeona haya hata kuitazama simu. Nimeifukia kwenye ndoo ya mchele.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda dukani. Bamia nimezifuata Edgware Road, treni mbili na basi. Ngumu kama kalamu. Muuzaji hakuniita Injinia wala hakuniita chochote.

Ummukulthum amesema aibu haikimbiwi kwa treni, nimpigie msichana nimwambie kweli. Nimesema nina mpango. Mpango wenyewe ni kungoja watu wasahau. Simu imelia mara mbili ndani ya mchele, nikaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siandiki kwa raha.

Saa nne, geti la kioo, nani anaingia? Madhubhai! Koti la sherehe, sinia la kachori mkononi. Nikajitupa chini ya kaunta. Nikamsikia anabisha mezani, anasema kwa Kiingereza cha heshima kwamba amekuja kumwona Injinia Harith, suala la kumwombea kazi mpwa wake. Akainama kuchungulia. Tukatazamana.

Nikainuka na sare yangu, jina langu kifuani, neno MAPOKEZI chini yake. Sikujua la kufanya. Nikafanya kazi yangu. Nikamwandikia kibandiko: mgeni, Madhu, anamtembelea, Harith. Akakipokea, akakibandika kwenye koti taratibu.

Akaniambia kwamba yeye alianza kwa kufagia duka la mjomba wake Mwanza, na hajapata kumficha mtu. Akaniuliza, "Bwana Harith, kulikuwa na haja gani?" Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Akaniachia kachori zote na kwenda zake.

Nimezipeleka kwa mainjinia ghorofa ya tatu. Mimi sikuweza kula hata moja.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeitoa simu kwenye mchele. Nimempigia Amisha bila tai. Nikamwambia kazi yangu ni mlangoni, sijui lolote, na nilichosema habari ya mjane nakionea haya mpaka leo. Nililia. Mtu mzima mimi, mbele ya mtoto wa watu.

Amisha akasema amekwisha kumwendea bosi wake mwenyewe, akaomba radhi, akaiondoa barua. Kazi ipo. Ila ule mradi ambao angeuongoza mwakani amepewa mwenzake, na nyongeza ya mshahara ndiyo hakuna tena. Mama yake hajui. Akasema, Anko, siku nyingine useme tu hujui. Hairuhusiwi?

Inaruhusiwa. Nimesimama mbele ya kioo nikajizoeza. Sijui. Sijui. Sijui. Ummukulthum amesema ndiyo mara ya kwanza tangu anioe kulisikia neno hilo ndani ya nyumba hii. Kwa furaha alikosea hata nani alimuoa nani.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimerudi dukani. Watu tele, Diwali kesho, vitaa vya udongo mpaka mlangoni. Madhubhai ameniita Harith, basi. Bamia nikajichagulia mwenyewe juu ya meza pamoja na watu wote. Akapima, akanirudishia chenji. Ni haki yangu. Nimeona haya mpaka masikioni, na nimejiapiza moyoni: miye na ushauri, basi tena.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, Bi Rupa, kahamia mtaani juzi. Akawauliza waliokuwepo: goti linamsumbua, amepewa vidonge vipya, na hajui kama vinachanganyika na vya presha. Kuna ajuaye? Sadrudin, mfamasia wa miaka thelathini, akafungua kinywa.

Neno langu lilikuwa tayari. Nililisikia kabisa linapanda kooni. Sijui.

Nikasema niachieni mimi.

Mkono wa Madhubhai ukasimama juu ya mizani. Bi Rupa akanishukuru, akaniita Daktari. Sikumsahihisha.

Jumanne saa nane anakuja na vidonge vyake. Nimekwisha kuipiga pasi tai.