Kaimu Meneja na Uzito wa Marejeo

Wakala wa Hifadhi ya Marejeo Mazito, Kanda ya Nyanda za Juu, unayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Njombe, Makambako na vitongoji vyake kwamba kuanzia leo ujinga umepigwa marufuku. Vitabu vya rejea vya sayansi, uhandisi na sera za jamii vimewasili kutoka ng'ambo, vimepitia Dodoma kutiwa dibaji ya Mkurugenzi Mkuu, vimepokelewa kwa shangwe, vimefungiwa, na ufunguo upo mahali salama. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu na kuendelea na shughuli zao.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye nguzo zote za stendi ya Makambako, pale malori ya Zambia yanapopumzika. Aliyeliandika, akaligonga muhuri, akalibandika kwa mkono wake mwenyewe, ni Fidelis Mwalongo, Kaimu Meneja wa Wakala. Na hapo kwenye neno "Kaimu" ndipo palipomuuma. Fidelis alianza kukaimu binti yake Janeth akiwa ananyonya, na sasa Janeth yuko sekondari na anamcheka. Mtaani hakuna aliyekumbuka kumwita Fidelis. Muuza mahindi ya kuchoma alimwita Kaimu. Paroko naye alimwita Kaimu, tena mbele ya waumini wote, akisoma majina ya waliochangia bati.

"Baba Janeth," mkewe Hulda alimuuliza siku moja wakila, "hivi Kaimu na Meneja mwenyewe tofauti yao nini?"

"Meneja anasaini. Mimi nasaini kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani? Si hicho kiti kitupu?"

"Kwa niaba ya kiti," alisema Fidelis, na hakuwa anatania.

Hulda alikuwa mfanyabiashara wa mirunda, ile miti myembamba ya milingoti, yaani mikaratusi, ambayo mafundi huegemezea zege lisidondoke. Akili yake ilikuwa imezoea vitu vinavyoshika vitu vingine. Alimtazama mumewe akaona hana kinachomshika, akamwongezea mboga.

Sasa habari njema. Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dokta Bonaventura, angekuja kutoka Dodoma kuzindua marejeo. Katibu muhtasi wake alimnong'oneza Fidelis kwenye simu kwamba barua ya kumthibitisha ilikwisha kuchapwa, inasubiri saini tu, na saini itategemea uzinduzi utakavyokwenda. Fidelis hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alikitaka cheo hicho kama mtu anavyotaka maji, na haoni haya kwa hilo, na mimi sioni kwa nini aone.

Tuanze na mahali pa kuviweka. Jengo la Wakala ni la ghorofa moja: chini ukumbi wa mikutano, juu sakafu ya mbao safi za Njombe. Mtu wa kawaida angeviweka vitabu chini. Lakini Waraka wa Mkurugenzi Mkuu ulikuwa wazi: ni utovu wa nidhamu kwa mtumishi wa umma kukaa juu ya elimu. Vitabu vikapandishwa juu. Sayansi iliwekwa kaskazini, uhandisi katikati, na sera za jamii karibu na dirisha kwa sababu zinahitaji hewa.

Fundi Yoramu, aliyelijenga jengo lile, alikuja akaikagua sakafu kwa kuirukia, akataja uzito itakaoubeba. Ukizidi hapo, alisema, yeye hayumo. Basi ikabidi vitabu vipimwe. Kwa kuwa Wakala haukuwa na mizani, wala mtu anayejua mizani, uliazima vyote viwili kutoka Lupembe.

Bwana Amon alikuwa amepima majani ya chai maisha yake yote. Kule Lupembe, gunia la majani mabichi likipanda kwenye mizani, karani hukata kilo kadhaa za maji, maana majani huja na umande wake. Amon hakuona sababu ya vitabu kupendelewa. Alitundika gunia la uhandisi, akasoma mshale, akakata za maji.

"Vitabu navyo vina maji?" Fidelis aliuliza.

"Bosi, kila kinacholala Makambako kinaamka na maji. Hebu shika hilo gunia."

Fidelis akashika. Ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye madirisha, na gunia lilikuwa na ubaridi wa unyevu. Wakulima wa chai wamezilalamikia kilo za maji miaka nenda rudi, lakini vitabu havikulalamika, na hadi jioni uzito rasmi ulikuwa umeshuka ukaingia ndani ya kipimo cha Yoramu bila kusugua kingo.

Wiki hiyohiyo akaja Mwalimu Telesia. Huyu alifundisha fizikia kwenye sekondari moja ya Kifanya, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti na mbishi wa miguu. Alitaka kitabu kimoja tu, kwa ajili ya vijana wake wanaokaribia mtihani.

"Kamwene, Kaimu."

"Kamwene, Mwalimu. Kuhusu kitabu, haiwezekani."

"Sijasema bado."

"Kitabu cha rejea si cha kusomwa, Mwalimu. Ni cha kuwepo. Mtu akikifungua anakichakaza, na kikichakaa Taifa limerudi nyuma. Sisi hapa hatujawahi kufunguliwa kitabu hata kimoja. Tunaongoza kanda zote."

"Na kama nikiomba kwa maandishi?"

Hapo Fidelis akaona aibu kidogo, maana alimheshimu. "Ukiomba kwa maandishi, kitabu hutoka kwa saini ya Meneja aliyethibitishwa. Si ya Kaimu, wala si ya Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Yeye ndiye aliyeweka sharti hilo, ili wakubwa wa makao makuu wasije wakajibebea."

"Kwa hiyo hapa duniani hakuna wa kusaini."

"Kwa sasa hakuna," alisema Fidelis. "Lakini mfumo upo."

Telesia akaaga kwa adabu, akasema atarudi. Alirudi kila siku ya soko la Makambako.

Dari la ukumbi lilianza kuinama taratibu. Mwanzoni Idda, karani wa Wakala, aliona balbu imesogea karibu na kichwa chake akadhani amerefuka. Baadaye mlango ukagoma kufunga. Fidelis akaunda Kamati ya Kufuatilia Mwelekeo wa Dari, ikakaa chini ya dari lenyewe, ikanywa soda, ikatoa taarifa: kwa mujibu wa uzito rasmi, sakafu haiwezi kuwa inashuka. Hivyo inachokifanya inakifanya kinyume cha takwimu, na itaandikiwa barua ya kujieleza.

"Bosi, humo juu si kuna vitabu vya uhandisi?" alisema Idda. "Kimoja lazima kinasema mbao inabeba nini. Tuchungulie ukurasa mmoja tu."

"Idda, unataka tupoteze nafasi ya kwanza?"

"Nataka nisipoteze kichwa."

Kamati ikapiga kura. Kuchungulia kukashindwa, maana kila mjumbe alikuwa na posho yake na hakuna aliyetaka kikao kiwe cha mwisho. Yoramu alipoitwa, alitazama juu, akarudi nyuma hadi barabarani, akapiga kelele kutoka huko: "Punguzeni vitabu." Akajibiwa kwamba hakuna wa kusaini. "Basi tieni mirunda," akasema, akapanda bajaji.

Hili la mirunda likawaingia watu wote haraka. Sisi wa huku, nyumba ikiinama tunatia mti, ng'ombe akiinama tunatia mti, na mgombea akiinama tunamtafutia mti. Hulda akaleta mirunda ya lori zima. Ilisimamishwa mmoja hapa na mwingine pale, kisha mingine katikati ya ile, hadi ukumbi ukafanana na shamba la milingoti lililosahaulika kupunguzwa. Fidelis akaifunga vitambaa vya rangi za bendera, ikapendeza. Kiti kikubwa cha Mkurugenzi Mkuu, chenye mito ya velveti, kikawekwa katikati ya msitu, pamebaki kinjia cha kupita mtu mmoja.

Siku ya uzinduzi Dokta Bonaventura alifika na msafara kutoka Njombe mjini alikolala. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha ya kudumu, na kwenye kinjia kile alipita kwa kunyonya tumbo. Alikaa. Wajumbe, waandishi wa habari, Mwalimu Telesia na wanafunzi wake waliokuja kwa pikapu ya shule, wote walibaki mlangoni na madirishani, maana ndani hapakuwa na nafasi ya zaidi ya cheo kimoja.

"Ndugu zangu," Mheshimiwa akaanza, "mimi siku zote nasema, elimu ni mzigo ambao—"

Juu kukasikika mlio mrefu, kama wa mlango wa ghala la mahindi. Vumbi likamwangukia kwenye tai.

"Kwa usalama wa Mheshimiwa!" akapiga kelele Fidelis, na watumishi wakaingia na mirunda iliyosalia, wakaigonga palepale walipoona nafasi. Walifanya kazi kwa uzalendo mkubwa. Walipomaliza, dari lilikuwa limetulia, na Dokta Bonaventura alikuwa amezungukwa na miti pande zote, karibu kiasi kwamba hakuweza kuinua kiwiko. Kinjia hakikuwepo tena. Akaushika mrunda mmoja autikise. Dari likanguruma. Akauachia kwa upole sana.

"Fidelis," alisema kutoka ndani, "nitoe."

"Mara moja, Mheshimiwa. Tukitoa mti, dari linashuka. Ili dari lisishuke, vitabu vitoke kwanza."

"Vitoeni basi."

Fidelis akasimama wima, mikono kwenye mishono ya suruali. Machozi yalikuwa karibu. "Mheshimiwa, hakuna wa kusaini."

"Saini wewe."

"Mimi ni Kaimu, Mheshimiwa."

"Basi nasaini mimi."

"Waraka wako unakukataza, Mheshimiwa. Aya ya tatu. Tumeubandika hapo ukutani, ungeuona kama si miti."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Dokta Bonaventura alikuwa amekutana na mtu aliyezitii nyaraka zake zote, na hakufurahi. "Wewe bwana, saini tu. Ni amri."

Fidelis alitoa kalamu. Nasema kweli, angesaini. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kukataa amri, na mkono ulikwisha kuanza kushuka. Ni Hulda aliyemshika kiwiko.

"Baba Janeth, rudisha kalamu mfukoni."

"Mama Janeth, mkubwa anaumia."

"Haumii, amekaa kwenye velveti. Mheshimiwa," akamgeukia yule wa ndani, kwa heshima zote za mke wa mtumishi, "huyu mume wangu ni mtu wa kanuni, usimharibu. Ukimthibitisha, atasaini hata sasa hivi. Nasikia barua unayo kwenye mkoba."

"Haya mambo yana utaratibu," ilisema miti.

Dari likalia tena, kidogo tu.

Mkoba ukapitishwa juu ya vichwa, barua ikatafutwa, kalamu ikasukumwa katikati ya mirunda kwa fimbo ya ufagio. Dokta Bonaventura akasaini akiwa ameibana karatasi kwenye mti, na saini ikatoka na mafundo ya gome. Idda akagonga muhuri. Fidelis Mwalongo akaisoma barua ile, akaikunja, akalia waziwazi mbele ya watu, na hakuna aliyemcheka, hata Janeth.

Kisha akasaini kutoa vitabu. Alisaini kama mtu aliyefungwa mikono muda mrefu. Aliyeomba alipewa, na kwa kuwa mkubwa alikuwa na haraka ya kutoka, kila mtu aliombwa aombe. Watu walipanga mstari kwenye ngazi. Dereva wa lori la Zambia alichukua cha mitambo na kukaa kwenye ngazi ya gari lake kukisoma. Muuza viazi aliondoka na cha magonjwa ya mimea. Yoramu alichukua cha mbao, akafungua, akasema "Nilijua," na hakukirudisha. Mzigo mkubwa kuliko wote ukaenda na pikapu ya Mwalimu Telesia, wanafunzi wakiwa wamevikalia pembeni na kuvifungua njiani bila hofu yoyote ya kulirudisha Taifa nyuma.

Jua likikaribia kuzama, mrunda wa mwisho ukatolewa na Dokta Bonaventura akatoka, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Maneno yake ya kwanza hayaandikiki. Ya pili yalikuwa haya: "Nautengua uteuzi wako."

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Meneja Fidelis. "Meneja hutenguliwa baada ya makabidhiano ya mali zote za Wakala. Ni Waraka wako."

Mali za Wakala, wakati huo, zilikuwa zinasomwa kutoka Makambako hadi Kifanya.

Kesho yake asubuhi gari la Mkurugenzi Mkuu lilisimama kwenye uwanja wa shule, kwenye ukungu na baridi ile inayoingia hadi kwenye meno. Mwalimu Telesia akatoka darasani na chaki mkononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu Kifanya."

"Marahaba. Nimefuata vitabu."

"Vipo. Bado wanasoma."

"Mwalimu, hivyo ni vitabu vyangu. Mimi ndiye niliyeandika dibaji."

Telesia akafurahi kweli, hakuwa anaigiza. Akaufungua mlango wote. "Afadhali umekuja. Tumekwama kwenye hiyo dibaji tangu jana. Wamenielemea kwa maswali."

Vijana wakasimama wakamwamkia. Msichana wa mbele akamwonyesha aya, jina la Dokta Bonaventura likiwa chini yake kwa herufi nene, akamwomba awafafanulie alimaanisha nini. Mheshimiwa akavaa miwani. Akaisoma aya yake. Akairudia. Akatazama mlango, ambako Mwalimu alikuwa amesimama akisubiri kwa hamu ya mtu anayependa kujifunza.

"Nipeni muda kidogo," alisema.

Wakampa. Vitabu havikuwatosha, kwa hiyo wakamsogezea nafasi kwenye dawati la nyuma, asome kimoja na wenzake wawili.