Nimemlilia Mama Mkwe Naye Anakuna Nazi

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe.

Nimepiga magoti barazani kwa mama mkwe wangu, hapa Chokocho, kijiji kizima kinanitazama, nalia mpaka makamasi: "Mama! Umeondoka hujanirudishia mke wangu! Sasa nani atanirudishia Time?"

Kumbe mama mkwe mwenyewe yuko nyuma yangu. Kakaa juu ya mbuzi. Anakuna nazi.

Hajafa. Hajaumwa hata jino.

Kabla hamjaanza kucheka (na najua mmeshaanza), nataka mumjue aliyenifikisha hapa. Jina lake Massoud. Yule yule mwenye duka la mabati na misumari pale Wete. Simfichi, kwa sababu yeye leo hakunificha.

Huyu Massoud, kila kaskazi ikiingia na jua likianza kuchoma, kichwa chake nacho kinachemka. Halali mpaka apange pikiniki. Kafungua kundi la wasapu, kaliita Tutembee Kisiwa, na ndani yake kajipa cheo mwenyewe: Mratibu wa Safari. Dukani kwake kabandika ramani ya Pemba, kaichora mistari myekundu kutoka ncha hadi ncha. Ukiitazama utadhani anakwenda kupigana vita.

Miye ni manusura wa safari zake. Wengine waliacha zamani. Miye nimebaki, sijui kwa nini.

Alitupeleka msitu wa Ngezi. Akatwambia tutakaa kimya tusikilize ndege. Mkeka akautandika mwenyewe, juu ya siafu. (Ndege tuliwasikia kidogo. Wao walitusikia sana.) Akatupeleka kisiwani kwa ngarawa, akabeba spika ya muziki, akasahau maji ya kunywa. Tukala biriani kavu, kila tonge unalisukuma kwa dua.

Lakini iliyonivunjia nyumba ni ya Vumawimbi. Jioni tumepanda gari turudi kwetu Gando. Massoud kaita kutoka mbele: "Tupo wote?" Tukajibu: "Wote!" Gari ikaondoka. Tumefika Konde, nikageuka nimpe mke wangu chupa ya maji. Pale alipokaa wakati wa kwenda pana ndoo.

Time alikuwa bado yuko kule, anasali Alasiri nyuma ya mivinje.

Sasa niulizeni, kazi ya kuangalia watu ni ya nani? Ni ya Mratibu! (Nami niliitika "wote," ndiyo. Lakini niliitika kwa niaba yangu.) Mke wangu alirudi usiku juu ya pikipiki ya muuza pweza, ana tenga la pweza mapajani. Asubuhi akafunga nguo zake akaenda kwao Chokocho. Tangu hapo simu yangu hapokei. Nikipiga kwa mama mkwe, anapokea yeye, ananijibu salamu vizuri kabisa, halafu anakata.

Kwa hiyo Massoud alipotangaza kwamba safari hii tunakwenda pwani ya kusini, nikaona mlango umefunguka. Nikamfuata dukani.

"Massoud, tupitie Chokocho kwa mama mkwe. Nikiingia na watu wazima wa mtaa nyuma yangu atanisikiliza. Peke yangu hanisikilizi."

"Yakhe, hilo tu?" Akachukua kalamu nyekundu, akaitia Chokocho duara. "Hicho ndicho kituo chetu cha kwanza. Tutakurudishia mkeo, halafu tukaogelee."

Nikafurahi. Nikawaomba wanaume wavae kanzu, maana tunakwenda ukweni. Wanawake wakaja na mabuibui na kanga zao. Tukapendeza. Hapo hapakuwa na kosa langu hata moja.

Kosa lilikuwa kwenye mzigo. Massoud ni bahili, hilo Wete nzima inajua. Badala ya kukodi vitu vya pikiniki, akaenda kwenye stoo ya msikiti wetu Gando akaazima vyombo vya maziko. Lile turubai la buluu tunalolijua wote. Yale masufuria makubwa. Ile mikeka mirefu na mabirika ya kutawadhia. Vyote kavipanga juu ya lori lake la kubebea mchanga.

Nikamwambia: "Massoud, hivi si vyombo vya maziko?"

Akanijibu: "Turubai lina macho? Kivuli ni kivuli."

(Jeneza aliliacha. Lakini nasikia alilitazama mara mbili, akifikiria barafu.)

Basi tukapanda. Pilau limeshapikwa, limo kwenye sufuria, linanukia. Jirani yangu Bi Mize kakaa karibu yangu anakula embe. Mnamjua Bi Mize. Ni mwanamke analia harusini, analia kwenye akika ya mtoto, juzi kamlilia mbuzi wa watu. Lakini leo alikuwa mchangamfu, anatutania njia nzima.

"Faki, ukimpata mkeo leo mfunge kamba!"

"Bi Mize, kula embe lako."

Tumeingia Chokocho, pale mwanzo wa kijiji pana duka la bwana mmoja anaitwa Kombo. Massoud kasimamisha lori kuulizia njia. Kombo akatoka, akatazama juu. Akaona turubai. Akaona masufuria. Akaona wanaume wa Gando wamevaa kanzu na wanawake wamejitanda kanga. Uso wake ukabadilika.

"Mnakwenda kwa nani, ndugu zangu?"

"Kwa Bi Riziki," kasema Massoud. "Huyu hapa ndiye mkwewe."

Kombo akanitazama kwa huruma kubwa. Akanipa mkono, akaushika muda mrefu. Nami nikaushika. Nikajua habari za mke wangu zimefika mpaka dukani, nikamwambia: "Ndiyo hivyo. Nimejaribu kusubiri, nikaona nije."

"Ni kazi ya Mungu," kasema Kombo.

"Ni kazi ya Massoud," nikamjibu, lakini lori lilishaanza kuunguruma.

Nyuma nikamwona Kombo anafunga duka. Mchana ule, na wateja wamesimama! Nikasema, loo, watu wa Chokocho wana heshima. Mbele kidogo mafundi wawili wakashuka kutoka juu ya paa wakatufuata. Mzee mmoja akaacha bao lake katikati. Nikatazama nyuma nikaona wengine wanakuja na majembe. Nikajiona mkwe wa maana. Wallahi nilifikiri wanakuja kunisaidia kumwomba Time msamaha, na majembe wametoka nayo shamba.

Nyiye mnajua mambo yetu. Mtu akiona wageni wa Gando wameshafika na turubai, naye ni jirani wa nyumba ya pili lakini hana habari, ataanza kuuliza nani kafa? Atauliza vipi, aibu yote ile? Anafunga duka anafuata. Kila mmoja kawaona wengine wanafuata, na hakuna aliyetaka awe wa mwisho. Kombo akapita njia ya mkato mpaka msikitini.

Lori linakata kona ya mwisho, spika ya msikiti ikakohoa.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunatangaza kifo cha Bi Riziki, hapa hapa kijijini. Ndugu zake wa Gando wameshawasili."

Sasa hapa ndipo mnicheke kama mna roho hiyo. Miye nimetoka Gando kwenda pikiniki. Miye nilijua lile turubai limeazimwa. Lakini mtu akisikia jina la mama mkwe wake linasomwa msikitini, ataanza kuchambua? Skuli yenyewe niliiacha mapema, sikufundishwa kubishana na spika. Nilisikia kafa, nikajua kafa.

Na Bi Mize! Bi Mize, tumepanda lori pamoja, embe bado liko mkononi! Akalitupa, akashika kichwa, akapiga ukelele ambao nadhani Tanga waliusikia. Wanawake wote wakampokea. Lori zima likawa kilio. Massoud peke yake ndiye hakulia. Alikuwa anahangaika kutafuta pa kuegesha.

Nikaruka kabla lori halijasimama. Kanzu ikanasa kwenye msumari wa bodi (msumari wa dukani kwake, bila shaka), ikachanika mpaka kiunoni. Sikujali. Nikakimbia barazani, nikapiga magoti mbele ya mlango uliofungwa, nikaanza.

"Mama! Mama yangu! Umeondoka hujanirudishia mke wangu! Sasa nani atanirudishia Time? Nguo nafua mwenyewe, mama! Wali unaungua kila siku! Nikilala naiona ile ndoo!"

Nilisema mengi. Mengine sitayaandika hapa.

Nyuma yangu wanaume wameshashusha turubai. Watu wa Chokocho ni wepesi, Mungu awabariki. Kufumba na kufumbua turubai limesimama, mikeka imetandikwa, mabirika yamejaa maji. Mmoja ananipigapiga bega: "Subiri, ndugu. Sote njia yetu ni moja."

Halafu nikasikia sauti kutoka pembeni ya baraza, pale penye kivuli.

"Huyo anayeliliwa ni nani?"

Nikageuka. Mama mkwe. Kakaa juu ya mbuzi, kifuu kimoja mkononi, mikono myeupe mpaka viwiko, chembe za nazi zimemrukia usoni. Nikamwona mweupe vile, nikadhani ni mzuka kaja kunichukua. Nikapiga ukelele wa pili, mkubwa kuliko wa Bi Mize.

Wenye majembe wakayatua chini.

"Faki," kasema mama mkwe, "umekuja kunizika?"

"Nashikamoo, mama," nikasema. Sijui kwa nini. Ndiyo iliyotoka.

"Marahaba. Nakuuliza. Umekuja na turubai na watu wa majembe. Nimesikia jina langu msikitini nikadhani kuna Riziki mwengine. Miye niliyekaa hapa ni nani?"

Mlango ukafunguka. Time akatoka. Mke wangu, sijamwona tangu siku ya pweza. Anacheka mpaka kajishikilia mlangoni, kanga imemteremka mabegani, machozi yanamtoka. Kanitazama nilivyo, magoti chini, kanzu imechanika, makamasi.

"Leo umekuja kunitafuta," kasema, "au umekuja kuiulizia ndoo?"

Watu wote wakaangua kicheko. Hata Kombo aliyenipa mkono. Hata yule wa "njia yetu ni moja."

Nikaona afadhali nimpe Massoud aeleze. Yeye ndiye Mratibu. Nikaita: "Massoud!" Nikaita tena. Nikatazama njiani. Lori halipo! Kaona mama mkwe yuko hai, kawasha, kaondoka na nusu ya watu, Bi Mize yumo. Miye kaniacha. Mtu huyu ana tabia ya kuacha watu!

Ikabidi msikiti utangaze tena: "Tangazo la mwanzo limefutwa. Bi Riziki yupo. Waliokuja na majembe warudi nayo."

Lakini hakuna aliyerudi. Watu wameshakaa, turubai limeshasimama, na sufuria la pilau lilishushwa pamoja na vyombo vingine. Mama mkwe akanawa mikono, akafunua mfuniko, akanusa.

"Mmekuja kunizika," kasema, "basi nami nakula khitma yangu mwenyewe. Nani kapata bahati hii?"

Akala. Kijiji kizima kikala. Wakamsifu mpishi. Pikiniki yetu yote imeliwa kwa jina la marehemu ambaye aliomba aongezwe nyama.

Alipomaliza akaniita. Time kakaa ubavuni kwake, sasa hacheki. Nikaona usoni mwake kama amechoka kuwa huku. Nikapata tumaini kidogo.

"Mama," nikasema, "nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hilo tumelisikia. Hata Mkoani wamelisikia." Kajifuta mikono kwa kanga yake. "Kilio chako sikukidhania, Faki. Ulilia kweli. Mwenyewe Time kataka kurudi, kaniambia sasa hivi jikoni. Lakini nina neno moja. Mwanangu aliachwa pwani kama kandambili, hakuna aliyekuja hapa kuniambia samahani. Leo nimetangazwa maiti, aliyeleta turubai kakimbia. Huyo Massoud namtaka hapa. Asimame mbele yangu, anieleze yote mawili. Akinieleza, mchukue mkeo. Magharibi ikisaliwa hajatokea, weye unaondoka peke yako. Na turubai lako."

Nikamtazama Time. Akasema taratibu: "Mpigie, Faki."

Nimempigia mpaka kidole kinauma. Hapokei.

Hivi nawaandikia, natuma kipande kwa kipande, niko chini ya turubai la buluu, simu nimetoka kuichaji kwa Kombo, nguo zangu za ndani kila mtu kashaziona. Jua linashuka. Alasiri imeshasaliwa. Na kwenye kundi letu naona picha zinaingia: Massoud yuko pwani na miwani ya jua, kainua kidole gumba, chini kaandika "Safari imefana."

Bi Mize, vikaragosi vyako vya kucheka naviona. Acha.

Na weye Massoud, alama zako za buluu nimeziona, umesoma kila neno. Ulimwacha mke wangu Vumawimbi, ukaniacha miye Chokocho. Washa lori uje ujibu kwa mama mkwe. Na usinitumie kidole gumba.