Senti Kumi ya Mwaka 1936

Jumatatu, 6 Mei 1996
Nimebakisha moja! Senti kumi zenye tundu, zile za mkoloni, ninazo za wafalme wote na malkia wao. Isipokuwa yule mfalme wa 1936, aliyeacha kiti cha enzi kabla hakijapata joto. Mvivu yeye, kuteseka mimi. Mwalimu Mkuu Gibson amesema seti kamili ya kwanza itawekwa katika kabati la kioo shuleni, pamoja na jina la mwenyewe kwa herufi kubwa. Mimi, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, nafaa kabisa kukaa kwenye kioo. Shida ni Nyang'au, fundi wa nguo pale sokoni. Naye amebakisha hiyohiyo. Mtu anayeshona suruali mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, ati anakusanya historia!

Jumatano, 8 Mei
Janeffer, mke wangu, leo amesema jambo la maana, bila kukusudia. Alikuwa akilalamika kwamba jiko la mama yake kule Sigowet linavuja. Anasema fundi aliyeliezeka zamani alikosa washa, vile visahani vya kukaza msumari kwenye bati, akapitisha misumari kwenye senti za tundu. Nusura nimeze kijiko. Paa zima la sarafu! Nikamwambia namhurumia sana mama na nitakwenda kulitengeneza mwenyewe. Alinikodolea macho. Akanikumbusha kwamba kwetu mtu hampi mama mkwe hata mkono, sembuse kusimama juu ya kichwa chake. Nitume fundi. Ili fundi naye aanze kukusanya? Sina wazimu.

Jumamosi, 11 Mei
Sigowet. Siku ya soko, kwa hiyo mama mkwe hayupo. Akili hiyo! Nilipanda na nyundo. Ya kwanza, 1942. Ya pili, 1952. Nikang'oa safu nzima, kisha nyingine. Halafu, karibu na ukingo, 1936! Nilipiga ukelele.

Kumbe mama mkwe hakwenda sokoni. Alikuwa jikoni chini yangu, akisugua kwa mkaa vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Akatoka, akainua macho, akakutana na soli za viatu vya mkwewe. Alijifunika uso kwa shuka na kulia mpaka wanunuzi wakaacha viazi vyao barabarani. Nikashtuka, sarafu ikaniponyoka, ikapita katika tundu nililolifungua mwenyewe na kuangukia jikoni. Na jikoni kwa mama mkwe siwezi kuingia. Ni heshima! Hapo mvua ikaja na upepo wake, ikabeba mabati mawili na kuyatupa kwenye sukuma wiki. Nilirudi nyumbani nimelowa, mikono mitupu.

Jumanne, 14 Mei
Wazee wa upande wa mke wangu wananitaka Jumamosi. Nije na kondoo. Sawa. Hilo si baya kama hili: Jumapili baada ya kanisa, Nyang'au alikwenda Sigowet na misumari mipya, akapanda, akapigilia paa lote. Yeye si mkwe wa mtu, anapanda anapotaka. Mama akamuuliza ampe nini. Akasema, kwa unyenyekevu wa kuchukiza, zile senti zenye kutu tu. Akapewa zote, pamoja na iliyofagiliwa jikoni, na kibuyu cha mursik juu yake. Nani alimtuma? Janeffer! Anasema alihitaji mtu anayeweza kupanda paa bila kumvunjia mama heshima. Jina la Nyang'au tayari liko kwenye kioo. Nimepita pale mara nne leo. Herufi ni kubwa mno. Roho inaniuma.

Jumamosi, 18 Mei
Nimeomba msamaha. Mzee Kiplangat, kaka yake mama mkwe, aliniuliza kama nimejifunza. Nikajibu nimejifunza sana. Hata machozi yalinitoka, nilipokumbuka lile kabati. Wakanihurumia, wakala kondoo wangu, wakasimama kuniombea.

Wote walifumba macho. Mimi nilifumba moja. Mbele yangu alikuwa Shangazi Chepkemboi wa upande wa mke wangu, bibi kizee mwenye masikio yaliyotogwa. Katika sikio la kushoto inaning'inia senti tano ya tundu. 1936! Nani anazihitaji tena senti kumi? Za Nyang'au ni takataka za paa. Seti ya senti tano hakuna aliyewahi kuifikiria, isipokuwa mimi.

Nimeulizia. Shangazi husinzia mara tu anapomaliza chai. Ijumaa nitamtembelea na kilo ya sukari, na koleo ndogo.