Kimfuko cha Kuzuia Mionzi

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya soko zima la Mwanjelwa, na kesho natakiwa kurudi hapo hapo kwenye cherehani yangu.

Mimi ni fundi wa nguo. Simu yangu hukaa kwenye sidiria kutwa nzima (wanawake wenzangu mnajua, msijifanye). Wiki iliyopita mtu akatuma kwenye grupu la kwaya kwamba mionzi ya simu inaunguza matiti. Hofu ikanikaa, maana shangazi yangu alikufa kwa saratani ya matiti. Sikuuliza daktari wala fundi simu. Jana nikashona kimfuko, ndani nikaweka foili, ile ya kufungia samaki wa kuchoma, tabaka tatu. Kifuniko kinabana barabara. Nikajiona mwanasayansi!

Leo asubuhi mama yangu alikuwa anafanyiwa operesheni ya tumbo huko Iringa. Kaka yangu Festo, anayeishi naye Kihesa, alikuwa ameniambia, "Wewe usipige. Nitakupigia mimi kabla hajaingia, muongee." Nikatia simu kimfukoni, kimfuko kifuani, nikaanza kushona sare za shule.

Saa tatu kimya. Saa nne kimya. Saa tano nikajikuta nimeshona mkono wa shati kwenye kola. Simu sikuitoa, niliogopa hata kuitazama. Ikilia si nitaisikia?

Ndipo nikamwona Mama Tusa, anayeuza mchele wa Madibira kibanda cha pili (Festo huagiza kwake), anakuja na mwenzake. Wanatembea taratibu. Na kwetu mfiwa hapigiwi simu. Anapigiwa jirani, jirani anatafuta mwenzake, wanakuja wawili, wanakwambia ukae.

"Mama Neema," akasema Mama Tusa, "hebu kaa kwanza."

Sikukaa. Nilianguka! Nikapiga yowe, nikavua viatu (kwa nini viatu, sijui), nikagaagaa juu ya vitambaa vya wateja. "Mama, umeniacha na nani! Hata hatujaagana!" Wauza nyanya wakaacha meza zao. Mwanamke nisiyemjua akanifunga kanga kiunoni. Mwingine akaanzisha pambio la msiba, watu wakaitikia kwa sauti zote nne.

Mama Tusa alikuwa ananipungia simu yake. "Mwe! Si usikilize kwanza!" Akabonyeza spika.

"Nani amekufa huko?" Sauti ya mama yangu.

"Ni wewe, mama!" nikajibu, bado nalia.

Pambio likakatika.

"Mimi nipo kitandani, nesi ananisubiri. Festo kakupigia weee, hupatikani, ndiyo akampigia Mama Tusa. Nimewaambia siingii mpaka nisikie sauti yako."

Nikamwombea pale pale chini, sala fupi yenye kwikwi nyingi, na umati wote ukaitikia amina. Wakamwingiza.

Nilipoitoa simu, ujumbe ukamiminika. Fundi simu wa jirani akakipekua kimfuko changu hadharani. "Mama, umeifungia mtandao. Na simu ikikosa mtandao ndiyo inaongeza nguvu kuutafuta. Kama una wasiwasi, iweke mbali na mwili, ongea kwa spika. Iweke hata mezani."

Mezani! Meza ninayo, ya cherehani, nashonea juu yake miaka kumi na moja sasa.

Jioni hii Festo amepiga. Operesheni imekwenda salama. Akampa mama simu, sauti yake ndogo, imechoka. Nikaanza kumwomba msamaha kwa kumlilia akiwa hai.

"Acha," akasema. "Baba yako tulimlilia siku tatu, hakusikia hata neno. Mimi nimesikia mwenyewe."

Nimelia tena, safari hii kimyakimya. Kwa hiyo msinicheke, jamani. Marehemu mwenyewe ameridhika.