Vita vya Kidonoa chini ya Aproni

Sogeeni, enyi mliopita shule, nanyi ambao shule iliwapita kama ilivyonipita mimi! Miji niliyoikanyaga siwezi kuihesabu, na mashujaa nimewaona wa kila namna. Lakini ushujaa huu niliushuhudia kwenye meza ya kukatia nguo, saa nne asubuhi, mikononi mwa mjukuu wangu wa miaka minane.

Mama yake, binti yangu mshona nguo, Malkia wa Sindano, huwafundisha wanawe nyumbani. Naye alikuwa ametangaza sheria: atakayechapa mstari mmoja bila kutazama vidole, huyo atamwandikia baba yake, aliye kazini mbali, kwa maneno yake mwenyewe. Kwani barua zote hadi siku hiyo zilichapwa na Malkia, na Malkia hupunguza maneno kama apunguzavyo pindo.

Basi akaitandaza aproni juu ya kibodi. Akajitokeza Kidonoa, mjukuu wangu huyo, binti wa kidole kimoja, aliyezoea kuchapa kama kuku adonoavyo mtama. Akatumbukiza mikono yote miwili gizani. Vitufe vikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwenye kioo likatokea neno: Nsns.

"Nsns ndiye nani?" kaka yake akauliza. "Mfikishie salamu zangu!"

"Nyamaza wewe, uliyechungulia jana mpaka shingo ikapinda!"

"Mwanangu," akanena Malkia, "ulitaka Baba, lakini mikono yako imehamia vitufe vya jirani. Irudishe. Mna vinundu viwili humo, juu ya F na J. Vitafute kwa vidole vya shahada, kama nitafutavyo pini kwenye kitambaa."

Kidonoa akafumba macho, akapapasa. Hata mimi, nisiyekaa kitini dakika mbili, nikatulia. Akavipata! Herufi zikajipanga kama askari: Baba, jino limetoka. Mama alilia, mimi sikulia.

Malkia akashtuka. "Hilo la kulia tutalifuta."

"Mama, sheria si uliitunga wewe?"

Nikakohoa. Malkia, asiyewahi kushindwa na zipu yoyote, akainamisha kichwa, akaituma barua.

Kabla ya chakula cha mchana jibu likafika: "Hii hakuiandika mama yenu. Kidonoa, jino umeliweka wapi?"

Iandikwe basi katika tarehe za ulimwengu: siku hiyo ngome ya herufi ilitekwa kwa vidole kumi, pasipo msaada wa jicho hata moja. Naye mshindi, hakungoja vigelegele. Alirudisha mikono chini ya aproni, akageuka.

"Mama, usichungulie."