Mlango Mweusi wa Fundi Rangi

Ndugu Mhariri,

Macho yangu hayana ugonjwa wowote. Amesema hivyo daktari wa macho jana saa tatu asubuhi, baada ya kunimulika kila jicho na kunisomesha herufi mpaka mstari wa mwisho. Kwa msingi huo, naomba masahihisho ya Alhamisi yasitoke kwa jina langu bali kwa jina la wahusika: seli za retina, ule utando ulio nyuma ya jicho.

Kisa unakijua. Niliandika kwamba karakana mpya ya fundi rangi, kule chini kwenye ujia ulioungua balbu, nilikofika giza likiingia, ina mlango mweusi. Mlango ni mwekundu. Fundi alinipigia simu mwenyewe: "Kaka, usoni una macho au vifungo? Nimeupaka mara tatu, ya mwisho asubuhi ya siku uliyokuja! Fundi asiyejua nyekundu, nani atampa ukuta wake?" Wateja wawili wameshaahirisha kazi. Nami kwa miaka ishirini na sita sijasahihishwa. Sitaki kuanzia kwenye mlango.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanga ukififia, seli zinazotambua rangi huondoka kazini na kuwaachia zamu wenzao wasiojua rangi hata moja. Kwao nyekundu ni nyeusi tu. Hakuna aliyenijulisha kwamba zamu imebadilika.

2. Seli zinazopokea mwanga zimeupa mwanga huohuo kisogo. Lazima upenye kwanza katikati ya seli nyingine ndipo uzifikie. Isitoshe, gizani ndipo zinapopiga kelele. Mwanga ukizigusa, zinanywea. Shahidi wa namna hiyo ningemfungia daftari.

3. Wapokeaji ni zaidi ya milioni mia moja. Nyuzi za kupeleka habari kwenye ubongo ni kama milioni moja. Katikati wamekaa wahariri wadogo, kazi yao kukata. Hupitisha kingo za vitu na kilichobadilika. Kilichotulia, kwao si habari. Sisemi umewafundisha wewe.

4. Pale nyuzi zinapotokea jichoni hakuna mpokeaji hata mmoja. Ni shimo. Badala ya kukiri, ubongo hujazia kwa kukisia kutoka kwa majirani. Mwandishi wetu wa michezo alifukuzwa kwa kosa hilohilo.

Kwa hiyo masahihisho yaseme: "Seli za retina zinamwomba radhi fundi rangi." Na kuanzia sasa ziniletee kila kitu, bila kukata hata nukta.

Nisalimie chumba kizima cha habari, mpiga picha aliyesahau kamera nyumbani siku ile, na mama wa mapokezi, ambaye tangu Jumatatu ananiita Bwana Mlango.

Wako kazini,
Mwandishi wa habari za mjini

N.B. Mke wangu ameniletea koti langu, anauliza nani atalifua. Mkono wa kushoto una doa la rangi nyekundu, pana kama kiganja. Niliuegemea mlango nikijaza daftari. Na sasa nakumbuka: rangi hiyo niliiona ofisini, chini ya taa, kabla sijaandika sentensi ya kwanza ya habari yenyewe. Seli zilileta habari. Niliyeikata ni mimi, nikaona si habari. Masahihisho yatoke Alhamisi, ukurasa wa pili, kwa jina langu. Saa nne asubuhi hiyo nitakuwa mlangoni kwa fundi, na gazeti, na koti.