Bingwa na Dirisha Lisilojua Kukata Tamaa

Kompyuta zote za dunia hii zilikuwa zinamwogopa Bingwa. Alisema mwenyewe, na hakuna kompyuta hata moja iliyojitokeza kukanusha.

Jina hilo la Bingwa alijipa yeye. Pale kwenye kampuni ya magodoro aliajiriwa kusimamia stoo, lakini tangu siku aliyoizima printa ikakubali kuwaka tena, hakushikika! Alianza kutembea na kalamu nyuma ya sikio. Ukimuuliza saa ngapi, anakujibu kwanza atazame mfumo.

Sasa Bosi, mama mmoja mpole wa sauti lakini mkali wa macho, alikuwa ametangaza kwamba anafikiria kuanzisha Kitengo cha Kompyuta, na kitengo lazima kiwe na mkuu. Atamtaja baada ya kikao na wageni kutoka hosteli moja, waliokuwa wanakuja kutazama magodoro ya kununua.

Bingwa hakuona sababu ya kusubiri. Jioni ile ile akamtangazia mama mkwe wake kwamba cheo ameshapewa.

"Mkuu wa Kitengo?" mama mkwe akauliza, akimkagua kuanzia viatuni kwenda juu. "Wewe?"

"Mimi, Mama."

"Haya. Nitapiga simu ofisini kwenu nisikie wanavyokuita."

Bingwa akacheka peke yake. Mama mkwe huyu hakuwa mtu wa kutania. Akisema atapiga simu, anapiga! Kwa hiyo cheo sasa kilikuwa lazima kipatikane, la sivyo nyumbani hakutakalika.

Na hapo ndipo lile dirisha lilipoanza chokochoko.

Ukifungua waraka wowote pale ofisini, barua au orodha ya bei, katikati ya skrini linatokea dirisha dogo la kijivu: *Subiri kidogo. Tunasakinisha viongezo.* Chini yake kuna mstari wa kijani unaotambaa kivivu, na kitufe kimoja: *Ghairi*.

"Viongezo gani?" akauliza Mhasibu, mtu mzima anayekaribia kustaafu. "Mimi sijaomba kuongezewa chochote."

"Usiguse!" Bingwa alipaza sauti, akavuka meza. "Hiki ni kirusi!"

Mhasibu akainuka taratibu, akaenda kunawa mikono.

Bingwa akapuliza vumbi nyuma ya kompyuta mpaka akapiga chafya. Dirisha likarudi. Akachomoa waya, akauchomeka tena kwa heshima. Likarudi! Akahamisha feni, maana alisema upepo unavuruga taarifa. Akapiga marufuku chai karibu na kibodi. Akaigeuza meza ya Mhasibu ikatazama ukuta. Dirisha likarudi tena, kijivu vile vile, na adabu yake ile ile ya kuomba usubiri kidogo.

"Kaka Bingwa," akasema Dada wa Mapokezi, "kwani tukiliacha limalize?"

Bingwa akamtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyetaka kujichoma sindano mwenyewe.

"Dada yangu, ukimwachia mwizi amalize, atakuachia nini?"

Akakusanya ofisi nzima, akawapa semina. Somo lilikuwa moja tu: likitokea, Ghairi! Likirudi, Ghairi! Akawafanyisha mazoezi. Mhasibu akawa anaghairi huku amefumba macho. Ofisi ikazoea, hata watu wakisalimiana unasikia kipanya kinalia kwa pembeni, ka, ka, ka.

Siku ya kikao, Bingwa alikuja amevaa tai. Wageni wa hosteli walikaa upande mmoja wa meza, mzee mmoja mnene akiwa ndiye msemaji wao. Projekta ikawashwa, na ukutani ikatakiwa itokee picha ya godoro jipya, fahari ya kampuni.

Likatokea dirisha.

*Subiri kidogo. Tunasakinisha viongezo.*

Bingwa akaghairi kwa madaha. Likarudi. Akaghairi. Likarudi! Kajasho kembamba kakaanza kumshuka kwenye kola.

"Ni hatua ya usalama," akawaambia wageni. "Mfumo unajikagua."

Akaghairi tena, safari hii kwa kidole cha hasira. Likarudi kwa upole.

Mzee mnene akainamia meza. "Kijana, si ukiache kimalize hicho kitu? Sisi hatuna haraka."

"Mzee wangu, haya mambo yana utaalamu wake."

"Liache," akasema Bosi.

"Bosi, kwa usalama wa kampuni..."

"Toa mkono hapo."

Bingwa akatoa mkono. Mstari wa kijani ukatambaa. Kikao kizima kikautazama kama watu wanaotazama uji ukichemka. Na ulipokaribia mwisho, Bingwa akakumbuka. Alikumbuka vizuri sana.

Kabla matatizo hayajaanza, alikuwa amekaa peke yake akikirembesha kile kiolezo cha ofisi, yaani ile karatasi tupu yenye nembo ambayo nyaraka zote hupitia. Aliiongezea maneno machache kwa ajili ya siku za usoni. Programu ikamletea herufi za kila aina, na yeye akachagua zile za sherehe, zinazocheza kwa muziki na maua. Ikamwambia hizo hazimo, na maneno hayataonekana mpaka izisakinishe, yaani iziingize kwenye kompyuta; isubiriwe kidogo. Akaanza kusubiri, akachoka, akaghairi, akaenda kunywa chai na kusahau.

Programu haikusahau. Kila waraka uliofunguliwa, yenyewe ilikimbilia kumtafutia Bingwa herufi zake.

"Bosi, tuzime umeme!" akalia Bingwa.

Mstari ukafika mwisho. Tarumbeta likalia! Waridi zikamwagika kutoka juu ya ukuta, na juu ya godoro, katikati kabisa, zikaingia herufi za dhahabu zikikatika kiuno:

*IMETAYARISHWA NA MHESHIMIWA BINGWA, MKUU WA KITENGO CHA KOMPYUTA.*

Bosi akafungua ukurasa wa pili. Tarumbeta, waridi, Mheshimiwa. Akafungua orodha ya bei. Tarumbeta!

Mzee mnene akapangusa miwani yake. "Samahani, huyu mheshimiwa anauzwa pamoja na godoro?"

Mhasibu akaangua kicheko ambacho alikuwa amekiweka tangu siku ya kunawa mikono. Bingwa akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Aliona aibu mpaka tai ikamkaba.

Bosi hakucheka. Alimtazama tu, kisha ukuta, kisha yeye tena.

"Kumbe kitengo kilishaanza," akasema. "Na mimi nahangaika kukifikiria."

Bingwa alikuwa bado anatafuta pa kuweka mikono mlango ulipofunguka. Dada wa Mapokezi akachungulia, ameziba simu kwa kiganja.

"Samahani, Bosi. Kuna mama anamuulizia Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Anasema ni mkwewe. Nimwambie nini?"

Bingwa akamtazama Bosi kwa macho ya kuomba, macho ya mtu ambaye jioni lazima arudi nyumbani.

Bosi akafikiri.

"Mwambie asubiri kidogo," akasema. "Bado anasakinishwa."